Mwaka Tuliopimiwa Moshi

Msichana alifika nyumbani kwetu asubuhi ya Alhamisi moja, shule zikiwa zimefungwa, ameshika mizani ya kuning'iniza kama ile wanayotumia wanunuzi wa pweza. Mama yangu alikuwa uani anafagia. Alipoiona ile mizani hakuhitaji maelezo.

"Pweza hapa hakuna, mwanangu," alimwambia hata hodi haijaisha. "Bamvua bado, maji hayajakupwa vya kutosha. Na hata ingekuwa bamvua, pweza wako pwani, hawako uani kwangu."

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba."

"Sikuja kwa ajili ya pweza. Nimekuja kupima kuni zenu."

Mama aliweka ufagio chini akaniita kwa sauti ile anayoniita nayo nyoka akiingia bandani kwa kuku.

Msichana alikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu, mzaliwa wa bara, huko nyanda za juu kusini. Alikuwa na barua ya kutambulishwa, yenye muhuri wa ofisi ya kijiji, na amepanga chumba Kilindoni, mji wetu wa hapa kisiwani. Tulipoketi barazani alitueleza kazi yake. Alikuwa anafuatilia nyumba kumi kwa mwaka mzima, aone kila nyumba inatumia nini: kuni, mkaa, gesi, umeme, mafuta ya pikipiki, chakula, nguo, vyombo. Kisha angekokotoa matumizi hayo yanapeleka angani kiasi gani cha zile gesi zinazofungia joto duniani. Alitaka pia kujua zamani ilikuwaje, katika nyumba ileile, tangu ilipoanza kukaliwa na watu. Nyumba zilichaguliwa kwa kura, na yetu ikatoka.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Mabadiliko ya tabianchi nimeyafundisha miaka mingi, na picha ya kiwanda chenye dohani nimeichora ubaoni mpaka naweza kuichora nimefumba macho. Haikuwahi kunijia kuchora nyumba yangu. Nikamkaribisha, nikamwambia awe anakuja kila Alhamisi saa kumi alasiri, nikishatoka kazini.

Mama alingoja aondoke. "Anapima moshi wetu," alisema. "Ili iweje?"

"Anajifunza tu, Mama."

"Hakuna mtu anayevuka bahari na mizani kuja kujifunza tu."

Nyumba yetu iko kando ya barabara ya kutoka Kilindoni kwenda Utende. Wakati ule tulikuwa watu watano: Mama, mimi, mume wangu ambaye ni fundi wa mashine za boti kwenye Ghuba ya Chole, mwanangu wa kiume aliyekuwa na miaka ishirini na mitatu, na dada yake aliyekuwa sekondari. Ndani tulikuwa na jiko la gesi. Nje, nyuma ya nyumba, palikuwa na jiko la makuti la Mama, lenye mafiga matatu, na jiko la mkaa pembeni yake. Gesi tuliipenda sana kwa kuitazama. Tulichemshia chai ya haraka na kuwaonyesha wageni. Chakula chenyewe, yaani wali wa nazi, mchuzi, maharage na muhogo, kilipikwa nyuma, kwa makumbi ya nazi na mkaa, kwa sababu Mama alishikilia kwamba gesi huchemsha wali lakini haiuivishi.

Siku mbili baada ya ugeni ule, Mama alirudi kutoka maulidini na habari.

"Wanaandika majina ya wanaopikia kuni. Wakimaliza kuandika, wanapita kuvunja majiko."

"Nani amesema?"

"Wamesema."

Nilimwambia si kweli, lakini sikumkatalia kwa nguvu, na hilo najilaumu mpaka leo. Ukweli ni kwamba hata mimi niliona haya kidogo. Mwalimu mzima, mke wa fundi, mizani ije ipime makumbi! Kwa hiyo Alhamisi iliyofuata, saa tisa na nusu, tulifanya kazi kama watu waliosikia wezi wanakuja. Gunia la mkaa lilikwenda nyuma ya banda la kuku. Makumbi yalifunikwa kwa turubai. Juu ya mafiga Mama aliweka beseni kubwa la kufulia, akalijaza nguo zilizokwisha fuliwa, akaziloweka upya. Msichana alipofika alimkuta Mama amesimama mbele ya jiko la gesi, amevaa kanga mpya, anakoroga mchuzi kwa adabu kubwa.

"Bibi, leo mmetumia kuni kiasi gani?"

"Kuni? Kuni tena, mjukuu wangu? Sisi ni gesi tu."

Msichana akaandika. Akaupima mtungi wa gesi, akaandika. Akashukuru, akala, akaondoka. Ikawa hivyo kila Alhamisi kwa miezi miwili. Mume wangu, akirudi kazini, alikuwa akitukuta tunarudisha mkaa mahali pake, akicheka mpaka anakaa chini.

Kilichotushinda ni ule mtungi. Hatukufikiria kwamba mtu anayepima mtungi kila wiki ataona haupungui. Alhamisi moja msichana aliuning'iniza mtungi kwenye mizani yake, akatazama, akaushusha, akauning'iniza tena. Kisha akanigeukia kwa upole kabisa.

"Dada, naomba kuuliza. Gesi iliyopungua wiki hii inatosha kupika mara moja. Na wiki iliyopita hivyohivyo." Akafungua karatasi zake. "Hizo siku nyingine sita mnakula nini?"

Nilimwangalia Mama. Mama aliangalia dari. "Tunafunga sunna," alisema.

Mwanangu alitoka mbio nje, na tulimsikia akicheka mpaka barabarani.

Wiki iliyofuata msichana alikuja Jumanne. Alikuwa amesahau mwavuli wake kwetu, na mvua za masika zilikuwa zimeanza. Mama alikuwa nyuma anaoka mkate wa kumimina, na mkate ule unataka moto chini na moto juu: makaa kwenye mafiga, na makaa mengine yamerundikwa juu ya kifuniko cha sufuria. Kwa mvua ile makumbi yalikuwa na unyevu. Moshi ulikuwa unatoka kwenye makuti kila upande kama nyumba inaungua. Nilikuwa nimetoka tu shuleni, nimevua viatu, nikasikia hodi, na kabla sijafika mlangoni msichana alishazunguka nyuma kwa kufuata moshi, akidhani kuna hatari.

Mama alisimama mlangoni pa jiko lake, akatanua kanga kwa mikono yote miwili kama anazuia kuku wasitoke.

"Bibi, moto!"

"Hakuna moto."

"Na huu moshi?"

"Huu si moshi," Mama alisema huku machozi yanamtiririka. "Ni mvuke."

Nilianza kucheka mimi kwanza, akafuatia msichana, na mwisho Mama mwenyewe akaishusha kanga, akakaa kwenye kibao cha mbuzi ya kukunia nazi, akacheka mpaka akakohoa. Tukautoa mkate. Tuliula ungali moto palepale jikoni, mvua ikinyesha, na hapo ndipo tulipomweleza kila kitu: beseni, turubai, gunia nyuma ya kuku, habari za maulidini.

Alicheka kwa kila kitu mpaka tulipomaliza. Kisha aliweka kipande chake cha mkate kwenye sahani, akasema polepole, "Kwa hiyo zile karatasi za miezi miwili ni za kutupa."

Sikuwa nimelifikiria hilo. Nilikuwa nimeuona mchezo tu, na sasa nikamwona msichana wa watu, mbali na kwao, aliyekuwa akipanda pikipiki kwenye mvua na jua kila wiki kuja kuandika uongo wetu. Nilijisikia vibaya sana. Mama alijisikia vibaya zaidi. Alimsogelea, akamshika mkono.

"Nisamehe, mjukuu wangu. Nilidhani umekuja kunihukumu."

"Mimi bibi? Nikuhukumu kwa lipi? Nimekuja unifundishe."

"Basi kuanzia leo nitakwambia mpaka njiti ya kiberiti."

Na alitimiza. Kuanzia Alhamisi ya wiki ile hapakuwa na nyumba katika zile kumi iliyopimwa kwa uaminifu kama yetu. Mama alikuwa hawashi moto kabla ya kupima makumbi. Alinipigia simu shuleni, saa ya kipindi, kunikumbusha nimwambie msichana kwamba usiku taa ya chooni ililala inawaka. Mwanangu akitoka na pikipiki aliulizwa anakwenda wapi, na si kwa sababu bibi yake alikuwa na wasiwasi naye.

Siku nyingine msichana alikuja na maswali ya zamani. Tuliketi mkekani watatu, na Mama akaanza kutoka siku alipoletwa bibi harusi katika kiwanja hikihiki, kwenye nyumba ya udongo na makuti.

"Tulikuwa watu tisa," alisema. "Mimi na baba yenu, wakwe zangu, mashemeji. Koroboi moja. Ikihamia jikoni, barazani giza. Ikihamia barazani, jikoni unapika kwa kukisia. Nguo, mara moja kwa mwaka, Idi. Samaki wa baharini, nazi zetu, muhogo wetu. Mchele tulilima, na ukiisha umeisha. Kutoka dukani ni chumvi, sabuni, mafuta ya taa, na sukari ya wageni."

Kisha akaendelea. Nilipoanza shule, baba alinunua redio ya betri na jiko la mchina, lile la mafuta ya taa na tambi. Minazi ilipozeeka na mashamba yakagawanywa kwa warithi, makumbi yakapungua na mkaa ukaingia. Likaja bati. Ulipokuja umeme, mwaka wa kwanza tulikuwa na taa mbili. Baadaye ikaja pasi, televisheni, feni, friji, pampu ya maji, simu tano, na pikipiki. Wakwe zake walifariki, kisha baba naye, mashemeji zake wakahama, mimi nikazaa wawili tu.

Msichana alikuwa anaandika haraka. Alipomaliza, alichukua vifuu vya nazi vilivyokuwa kando, akaanza kuvipanga mkekani mafungu mafungu, kila fungu ni kile nyumba ilichopeleka angani katika kipindi kimoja cha maisha ya Mama, ili tuone kwa macho hesabu alizokuwa amezifanya. Mama aliinama. Alikuwa na hakika fungu la kwanza, la enzi za mafiga na moshi, litakuwa mlima. Likawa vifuu viwili. Fungu la redio na jiko la mchina, vinne. Mafungu yaliendelea kukua hivyo mpaka yakafika la leo, akaishiwa vifuu ikabidi aongeze makumbi.

"Umekosea," Mama alisema. "Zamani macho yangu yalikuwa mekundu mwaka mzima. Sasa hivi nyumba haina moshi kama ile."

"Macho yako yanasema kweli, bibi. Ule moshi ni mbaya kwa kifua chako na kwa macho, na ningependa uuache. Lakini makumbi yale yalitoka kwenye minazi iliyoendelea kuishi, ikatoa mengine. Na mlikuwa mnagawana. Watu tisa, taa moja."

Mama alihesabu kwa vidole, akitazama juu ukutani na darini. "Sasa watu watano, taa tisa," alisema, na akanigeukia kama ni mimi niliyezaa zile taa.

Msichana aliongeza jambo ambalo mimi mwalimu nilikuwa silijui vizuri. Umeme wetu wa kisiwani, alisema, unatoka kwenye mitambo ya dizeli, na dizeli inakuja kwa chombo kutoka bara. Kwa hiyo ukiwasha feni hapa, moshi unatoka kule kwenye mitambo. Huuoni, lakini ni wako. Nilikaa na maneno hayo. Wiki iliyofuata nilipofundisha darasa la sita, sikuchora kiwanda. Nilichora nyumba, na wanafunzi wakaniambia nimesahau dohani.

Hapo ndipo tulipofika kwenye friji.

Ni lazima nieleze friji lile lilikuwa nini kwa mume wangu. Alilinunua Dar es Salaam, la mtumba, limetoka kwenye hoteli, milango miwili, refu kumpita yeye. Lilivuka kwa boti likiwa limefungwa magodoro, na wanaume wanane walilitoa gatini mpaka kwenye gari. Watu wa mtaa mzima walikuja kulishuhudia likiwashwa. Mwezi wa Ramadhani lilikuwa friji la kila mtu: juisi za ukwaju za majirani, barafu za watoto, samaki wa harusi. Mume wangu alikuwa akirudi kazini analifuta vumbi kabla ya kuoga. Lilikuwa na kasoro moja. Kila mwaka, Ramadhani ikikaribia, lilikuwa likiacha kugandisha, na fundi friji kutoka Kilindoni alikuja kulijaza gesi.

Mwaka ule fundi alikuja siku ya Alhamisi. Msichana alikuwa sebuleni anapima mchele, akaona kimtungi cha fundi na mpira wake, akaacha mchele.

"Samahani, kaka, hilo friji unalijaza gesi mara ya ngapi?"

Mume wangu ndiye aliyejibu, kwa fahari. "Kila Ramadhani, mwaka wa sita huu. Haijatokea likashindwa."

"Na ile ya mwaka jana imekwenda wapi?"

Mume wangu alimwangalia fundi. Fundi alikuna kichwa. "Inakwenda zake," alisema.

Msichana akaeleza, tena kwa heshima, maana alikuwa anajua anasema na mwenye friji. Gesi ya namna ile, alisema, haina rangi wala harufu, lakini ikiponyoka angani hufungia joto jingi mno. Kidogo tu cha gesi hiyo kinashinda moshi mwingi wa kuni. Friji linalovuja na kujazwa kila mwaka ni kama tunaijaza anga kwa kupitia friji.

"Friji langu halitoi moshi," mume wangu alisema. "Njoo huku nyuma uone. Safi. Kuna vumbi tu, na leo sijafuta."

"Ndiyo, shemeji. Ndiyo maana watu hawajui."

"Wewe umemwacha Mama na mafiga yake matatu, umekuja kukamata friji?"

"Sikamati, shemeji. Naandika."

Siku ile mume wangu hakula na sisi; alichukua sahani yake akaenda kula barazani, ameupa mgongo mlango. Fundi naye aliondoka na kimtungi chake bila kujaza, kwa sababu hakuna aliyemwambia ajaze.

Kwa siku tatu aliendelea kula barazani. Nilidhani ameudhika na msichana, kumbe alikuwa amejikasirikia mwenyewe. Siku ya nne, tunakunywa chai, alisema, "Mke wangu, mimi boti ya mtu ikivuja oili tone moja kule ghubani siirudishi majini. Nawagombeza vijana. Halafu hapa ndani nimekaa na kitu kinachovuja miaka sita, nakipangusa vumbi."

Alitaka kuliziba. Yeye na fundi walilivuta friji katikati ya sebule, wakafuata mirija kwa povu la sabuni, wakitafuta linapotoa bubujiko hata dogo. Tundu lilikuwa ndani ya ukuta wa friji, mahali ambapo mrija umeoza na hakuna mkono unaofika. Fundi alisema linaweza kuuzwa hivyohivyo, wanunuzi wapo. Mume wangu akauliza, "Halafu huyo mnunuzi atafanya nini?" Fundi akasema, "Atajaza gesi." Hapo mazungumzo ya kuuza yakaisha.

Ajabu ni kwamba aliyelitetea friji mpaka dakika ya mwisho alikuwa Mama. Yeye aliyepima makumbi, aliyezima taa za watu wakiwa bado wanasoma, alisimama mbele ya friji kama alivyosimama mbele ya jiko lake.

"Nimekunywa maji ya mtungi wa udongo miaka hamsini," alisema. "Maji baridi nimeyapata uzeeni. Niacheni niyamalize."

Tulicheka, lakini alikuwa hatanii, na hakuwa na kosa. Msichana mwenyewe alimuunga mkono. Hakuna aliyesema watu waache kunywa baridi, alisema. Friji dogo lisilovuja, kwa watu watano, linatosha kabisa. Fundi alimjua mwenzake mmoja kwenye hoteli za kule Utende aliyekuwa na mashine ya kunyonya gesi kutoka kwenye friji na kuihifadhi mtungini isiponyoke. Mwenzake huyo alikuja jioni moja, akafanya kazi kama robo saa, akafunga mtungi wake, akakataa hata chai kwa kuwa alikuwa na haraka. Ndivyo lilivyokufa friji lile. Mume wangu alilitoa milango na injini, akalilaza chali, akawapa wachuuzi wa samaki waliotaka sanduku la kuhifadhia barafu. Waliokuja kulichukua walikuwa wanne tu, nadhani kwa sababu lilikuwa limepoteza injini yake. Alisimama mlangoni mpaka gari likapotea. Kisha akaenda kuoga, bila kufuta kitu.

Friji jipya lilimfika kiunoni. Kwa wiki nzima alikuwa akiinama kulifungua huku akiguna kama mzee.

Mama naye alipunguza mkaa, ila kwa njia zake. Wali aliendelea kuupika kwenye makumbi, na hakuna aliyethubutu kuligusa hilo. Maharage, yanayokula mkaa kuliko kitu chochote, msichana alimfundisha kuyachemsha kidogo kwenye gesi, kisha kuitoa sufuria ikiwa inatokota, kuivika mablanketi na mito, na kuiacha ijimalizie yenyewe kwa joto lake. Mama hakuamini, ndiyo maana alijaribu. Mara ya kwanza aliivika sufuria akaiweka mahali alipoona pana joto na utulivu, nayo ni juu ya kitanda chetu mimi na mume wangu, katikati, chini ya shuka. Mume wangu alirudi amechoka, akaingia chumbani, akajitupa.

Tulisikia kelele. Tulipofika alikuwa amesimama kwenye kona, suruali imelowa mchuzi, ameshika mto.

"Kuna kitu cha moto kitandani!"

"Ni maharage," Mama alisema. Aliinua kifuniko, akachukua moja, akaling'ata. "Na yameiva."

Mwaka ulipokwisha, msichana aliwaita watu wa zile nyumba kumi kwenye ofisi ya kijiji akatueleza alichokiona. Hakutaja nyumba ya mtu. Alionyesha tu mistari kumi kwenye karatasi kubwa, na kila mstari ulianzia chini upande wa kushoto, ukapanda. Baadhi ilipanda kwa ghafla, mingine polepole. Mmoja, mwishoni kabisa, ulikuwa umeinama kidogo, kama mtu anayechungulia chini ya kitanda. Mama alinibana kiuno. "Ule ni sisi," alinong'ona, na sauti yake ya kunong'ona husikika mpaka msikitini. Watu wote wakageuka.

Baba mmoja aliuliza kama sasa tunaambiwa turudi kwenye koroboi. Msichana alisema hapana. Alisema sisi sote pale, kwa pamoja, bado moshi wetu ni mdogo sana ukilinganisha na wa wakubwa wa dunia, na hatuna sababu ya kuona haya kwa taa wala maji baridi. Alichokiona kwenye nyumba zote kumi ni kwamba vitu huingia na havitoki, na kila anayezaliwa anaanzia pale alipoishia mwenzake. Nililiandika hilo nyuma ya daftari la mahudhurio.

Mama alinyoosha mkono. "Na kwenu bara, mama yako anapikia nini?"

"Bibi," msichana alisema, "sijawahi kupima kwetu." Ukumbi mzima ulicheka, na yeye akacheka kuliko wote. Alisema angeanza nako akifika.

Tulimsindikiza kwenye uwanja wa ndege mdogo wa Kilindoni na kapu la nazi, pweza mkavu, na mkate wa kumimina. Kapu lilipimwa pale kaunta likaonekana limezidi uzito. Mama akamwambia kijana wa mizani kwamba huyu msichana ni mwenzake wa kazi, amwonee huruma. Lilipita.

Wiki chache baadaye mwanangu alioa. Aliyapiga plasta mabanda mawili ya uani yaliyokuwa ya shemeji zake Mama, akavuta umeme, akaweka dari. Siku walipohamia, Mama alikwenda kuwatazama kama ilivyo desturi, akakagua kila chumba, akabariki, akarudi kwangu akakaa kwenye kiti. Nilimuuliza vipi.

"Wazuri. Mwanamke mpole, ana heshima," alisema. "Lakini wana feni tatu. Watu wawili, feni tatu!"

"Umewaambia?"

"Nimewaambia. Nimewaambia kuhusu mitambo, kuhusu dizeli, nimewapangia na vifuu. Wamenisikiliza vizuri sana."

Ulikuwa mwezi wa Februari, adhuhuri, na joto lile la msimu wa kaskazi linalofanya hata kuku walale miguu juu. Tuliswali. Nilipomaliza kukunja mswala nikaona Mama hayupo. Nilizunguka uani kumtafuta, jikoni, chini ya minazi, nikaishia mlangoni kwa mwanangu. Mkwe wangu aliweka kidole mdomoni kuniashiria nisiseme. Ndani, kwenye mkeka wao mpya, Mama alikuwa amelala chali, mikono ameitupa huku na huku, kanga inapepea, anakoroma. Feni mbili zilikuwa zimezimwa. Ya tatu ilikuwa juu yake, kwenye namba ya mwisho.